Bastola ya Kumkomoa

Bastola yangu niliichagua kwa hasira, na sioni haya kulisema. Wengine huchagua silaha kwa uzito wake, au kwa jinsi mpini unavyokaa mkononi. Mimi nilimwambia mwenye duka anitolee ile ambayo afisa wa leseni ataona karaha kuliko zote kuiandika katika karatasi zake.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kizungu mwenye aproni ya ngozi. Duka lake lipo katika mitaa ya zamani ya mafundi bunduki, karibu na katikati ya Birmingham, ambako sasa wamebaki wachache wa kuhesabika. Hakunicheka. Alinieleza kwamba katika nchi hii karibu bastola zote zimepigwa marufuku, ila sheria imeacha upenyo mdogo: bastola ya kizamani, inayopakiwa kwa mbele, baruti kwanza, risasi baadaye. Mwanachama wa klabu ya shabaha akiwa na kibali anaweza kuwa nayo. Akatandika kitambaa cha kijani juu ya meza, akaweka tatu.

Gobore, nikawaza, gobore la mkononi. Babu yangu alikuwa nalo lake shambani, la kufukuzia nguruwe pori. Na mafundi wa mji huu huu ndio waliokuwa wakiyafua magobore, wakayapakia makasha kwa makasha kwenda Afrika, na hakuna aliyemwuliza mnunuzi ufunguo anaweka wapi. Leo mjukuu ameomba moja tu, wamemfungia mlango.

Mimi naendesha foklifti katika ghala moja la Nechells, na nyumba yangu ipo Sparkhill, hatua chache kutoka Stratford Road. Pale ghalani nina mwanamke mwenzangu, Mwingereza, ambaye kila Jumapili huenda kupiga shabaha. Siku moja alinichukua klabuni, nadhani alichoka kunisikia nikinung'unika. Nilikwenda ili kumridhisha tu. Nilipolala kifudifudi na bunduki begani, nilipata utulivu ambao sijaupata tangu nifike nchi hii. Hapakuwa na simu, wala msimamizi, wala mtu wa kuniambia nirudie nilichosema kwa sababu lafudhi yangu imemshinda. Nikautaka utulivu ule uwe wangu. Baada ya miezi ya mafunzo niliomba kibali cha bunduki ndogo ya shabaha, nikanunua kabati la chuma, nikalifunga kwa bolti ukutani chumbani kwangu.

Kabati lilikuja na funguo mbili. Mmoja niliutia mkobani, wa pili nikampa mama yangu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea bila hata kufikiri. Kwetu Unguja funguo za nyumba hukaa kwa mama, na alipokuja kuishi nami huku desturi ilikuja naye. Mlango wa mbele, stoo, kabati la vyombo vya wageni, sanduku lake mwenyewe, zote zilikuwa katika shada moja lililofungwa pindoni mwa kanga yake. Akipita ukumbini ulimsikia kabla hujamwona. Ufunguo mpya ukiingia nyumbani, ulikwenda pindoni. Sikuwa nimempa mama silaha, nilikuwa nimempa ufunguo.

Afisa wa leseni alikuja Alhamisi asubuhi. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Mama alikuwa ameamka alfajiri kumkaangia sambusa, naye akala nne. Nazitaja kwa idadi kwa sababu nilizikumbuka moja moja baadaye, niliposoma barua yake. Tulipanda chumbani, akagonga ubavu wa kabati, akazivuta bolti, akaridhika. Kisha akauliza ni nani mwingine mwenye ufunguo.

"Hakuna," nikamjibu. Na wallahi niliamini ninachosema, kwa sababu mama hakuwa mtu mwingine.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Kiingereza chake ni cha kununulia mboga. Alichokiona ni mgeni amesimamishwa mbele ya kabati lililofungwa, na hiyo kwake ni aibu ya mwenyeji. Akaweka sinia chini, akafungua fundo la kanga, akauchagua ufunguo kwa vidole bila kutazama, akamnyooshea.

"Karibu baba, fungua tu. Hapa kwako."

Binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayeelewa kila neno la Kiswahili ila mara nyingi hulijibu kwa Kiingereza, alikuwa nyuma yake kwenye ngazi. "Oh my God, Bibi," akasema, akafunika uso. Kijana aliutazama ule ufunguo, hakuupokea. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akamshukuru mama kwa chai, akaenda zake.

Barua ya kunikatalia ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, kwamba sikusema kweli. Hiyo niliimeza kwa shida. Ya pili, kwamba mazoea ya nyumba yangu hayafai kwa utunzaji salama wa silaha. Hiyo ilinikaa kooni. Mazoea ya nyumba yangu ni mama yangu. Mtu amekula sambusa zake nne, kisha akaenda kukaa mezani kwake na kumwandika mama kuwa ni hatari.

Nilimfasiria mama barua nzima, neno kwa neno. Nilitaka tuwe wawili wa kumchukia. Yeye alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Kumbe mie ndiye niliyekuharibia," akasema.

"Si wewe, Mama. Ni yeye."

"Basi yaache, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miaka ishirini, Mama. Nimechoka kukaa pembeni."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya ajabu, nami sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nimezama katika sheria zao, nazisoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi, nikitafuta pa kumchoma. Ndipo nilipopata ule upenyo. Kama alininyima bunduki ndogo ya kujifunzia wanaoanza, nitamwomba bastola, na sheria yake mwenyewe itamlazimisha anipe.

Ndivyo nilivyofika kwenye duka la yule mzee. Ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa ndogo, ina nakshi za maua, mtu angeiweka kabatini pamoja na vikombe. Ya pili ilikuwa nyepesi na mzee aliisifu sana. Ya tatu ilikuwa nyeusi, mtutu mrefu, mzinga wake wa risasi una vyumba sita, na imekunja uso kama ya kwenye sinema.

"Hii itakuchosha mkono," mzee akanionya.

"Ndiyo hiyo hiyo," nikasema.

Nikaiombea kibali. Walinikatalia tena, safari hii bila hata kuja nyumbani, wakataja yale yale ya mwanzo. Nikafurahi, maana sasa ningempeleka mahakamani. Klabuni kulikuwa na wakili mstaafu aliyekubali kunisimamia bila malipo. Alisoma barua zote mbili, akavua miwani.

"Kesi yako iko kwa mama yako," akaniambia. "Jaji atataka kumsikia yeye."

Nikamfunza mama wiki nzima, kama mtoto anayefunzwa kasida ya maulidi. Sema hivi, usiseme vile. Ukiulizwa kuhusu ufunguo wa kabati, sema huna. Kila mara alijibu, "Haya, mwanangu."

Siku ya kesi alivaa buibui lake jipya na kanga mabegani ndani yake. Mkalimani alikuwa dada wa Kikenya. Afisa alikaa upande wa pili, na mimi sikumtazama jaji hata mara moja, nilimtazama yeye tu.

Mama akaulizwa kama anao ufunguo wa kabati la silaha.

"Sina," akasema. Kisha akafanya jambo ambalo sikumfunza. Aliivuta kanga kutoka ndani ya buibui, akalitafuta pindo lake, akalinyoosha mbele ya jaji. Lilikuwa tupu, na pale fundo lilipokaa miaka yote kitambaa kimebaki na mikunjo. "Mie sina ufunguo wowote. Nimerudisha zote. Wamesema mazoea yangu ni hatari."

Dada mkalimani akafasiri. Afisa akainamisha kichwa. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi moyoni. Niliona mama ameigiza vizuri kuliko nilivyomfunza.

Tulishinda. Kibali kilikuja, nikaifuata bastola yangu, nikaipiga mara ya kwanza klabuni hadi moshi wa baruti ukaniingia puani na mkono ukachoka kama mzee alivyosema. Afisa alipokuja kukagua tena, sebuleni hapakuwa na sinia. Nilimwona akitazama kuelekea jikoni, nikajua anazitafuta sambusa, na nikaionja furaha ile taratibu. Akauliza nani ana ufunguo. Nikauchomoa kifuani mwangu, nikamwonyesha.

Alipoondoka nilikwenda jikoni kulitundika koti langu la kazi kwenye msumari nyuma ya mlango. Likaanguka. Nikaliokota, nikatazama, na kwenye msumari huo huo ninapolitundika kila siku palikuwa na shada la funguo, zote, pamoja na ule wa pili wa kabati langu.

"Hizi zimekuwa hapa tangu lini?" nikamwuliza binti yangu, aliyekuwa akiosha vyombo.

"Since the letter, Mum. Bibi huniomba mimi nimfungulie. I thought you knew."

Nikakaa kitini na shada mkononi. Nikaukumbuka ule ukimya wa nyumba tangu barua ya kwanza. Miezi yote ile nilikuwa natundika koti juu ya funguo za mama, naye akimwomba mjukuu amfungulie stoo ya sukari.

Sikumsikia alipoingia. Alisimama mbele yangu, kanga imemkaa vizuri mabegani, pindo halina fundo.

"Mwanangu, naomba ufunguo wa sanduku langu. Leo kuna jua, nataka niianike sanda yangu."

"Mama, chukua zote. Ni zako."

Akautoa mmoja tu, ule wa sanduku. Akapanda juu polepole, nikasikia kifuniko kikifunguliwa, kisha kikifungwa. Akashuka na sanda yake imekunjwa mkononi, akautia ufunguo kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake, akatoka uani.