Mwenye Kushika Sauti ya Chini

Watu wa Kamalondo walimjua bwana yangu, aliyenioa, kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa sauti ya juu, nyembamba, isiyo na mkwaruzo hata kidogo. Mchana alikuwa karani katika atelieri, ile karakana ya gari-moshi. Saa za jioni alivaa koti lake, akaenda parokiani kwa mazoezi.

Padri mmoja Mbelgiji, mtu mwembamba mwenye nywele nyeupe, alikuwa amekusanya wanaume wachache wa cité, mtaa wetu sisi Waafrika, akawafundisha nyimbo za Kilatini za zamani mno, zile ambazo watawa wa Ulaya waliimba kabla kinanda hakijaingia makanisani. Waliimba bila chombo chochote, vinywa tu. Elisabethville nzima ilikuja kuwasikiliza, na Wazungu walipokuja, walikaa mbele, sisi tukakaa nyuma karibu na mlango. Wakati wa kiangazi walipanda treni na kwenda kuimba katika makanisa ya misheni za kwanza, yale yaliyojengwa kwa matofali yaliyochomwa na Wakristo wenyewe.

Miye sikujua Kilatini, lakini nilijua jinsi nyimbo zile zilivyokaa. Sauti ya juu ilitembea, ilipanda, ilizunguka, ilishuka. Sauti ya chini ilibaki pahali pamoja, neno moja refu, kama mtu anayeshika ngazi ili mwenzake apande. Bwana yangu ndiye aliyepanda. Aliyeshika alikuwa rafiki yake, mmimina-chuma wa atelieri ileile, mwanaume mpana wa kaskazini mwa Katanga, mjane asiye na mtoto. Wanaume wengine wawili walisimama pamoja naye kwenye sauti ya chini, lakini kila mtu alijua mzizi ni nani.

Nilimwita shemeji. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, alikula kwetu. Akingoja bukari, ugali wetu, alikaa kwenye kiti karibu na mbabula, jiko la makaa, mtoto wetu wa kike amelala kifuani pake, naye akivuma ile sauti yake kwa midomo iliyofungwa. Mtoto hakuhitaji wimbo mwingine. Aliweka shavu kwenye kifua kile, akahema mara moja, akalala. Nilijaribu kumfanyia hivyo mwenyewe, haikuwezekana. Kifua changu hakikuwa na sauti ya kutosha.

Bwana yangu alikuwa na hofu moja tu katika kuimba: kukosa pumzi katikati ya kupanda. Shemeji alimcheka.

"Weye pumua," alimwambia. "Pumua tu. Miye niko."

Shemeji alikufa katika baridi ya mwezi wa saba. Alianza kukohoa, akaendelea kwenda kazini, kisha siku moja hakuinuka. Bwana yangu alimpeleka hospitali, na asubuhi ya pili wakatuita. Siku hiyohiyo korali ilikuwa na safari. Misheni moja ya mbali ilikuwa na sikukuu, treni ilikuwa imekwisha kupangwa, Padri alikuwa ametoa ahadi. Basi misa ya wafu ikaimbwa haraka, tukamzika, na wanaume wakatoka makaburini moja kwa moja kwenda stesheni, udongo bado kwenye viatu. Nyumba ya marehemu ilikuwa ya kazi. Kabla ya juma kwisha akaingia mfanyakazi mwingine na mke na watoto. Sufuria zake mbili na blanketi zililetwa kwetu.

Bwana yangu aliporudi safarini, nilimwekea maji ya kuoga. Hakuyagusa. Alikaa kwenye kitanda na koti mwilini.

"Mumeimba muzuri?" nikamwuliza.

"Tuliimba. Ule alikuwako."

"Ule nani?"

Akaonyesha kwa kidevu kile kiti karibu na mbabula.

Aliniambia polepole, kama mtu anayetafsiri. Kanisa lile lilikuwa la zamani, lenye kuta nene na madirisha madogo, na Wakristo wa kwanza wamezikwa nje kandokando ya ukuta. Walisimama mbele ya altare. Mahali pa shemeji, Padri alipaacha wazi, kwa heshima. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Katika wa pili kulikuwa na pahali ambapo wale wawili wa sauti ya chini walipaswa kuvuta pumzi pamoja, maana hakuna tena wa tatu wa kuziba. Pale pangekuwa na kimya kidogo.

"Hakukuwa kimya," bwana yangu alisema. "Bale babili balifunga kinywa, niliwaona kwa macho yangu. Na sauti iliendelea. Mama, niliisikia hapa." Akajigusa bega la kushoto.

"Na Padri?"

"Mukono yake ilisimama hewani. Kiisha akaendelea. Njiani alisema kanisa za zamani ziko na mwangwi."

"Na benzako balisema nini?"

"Katika treni hakuna muntu aliongea."

Nilimwambia ni uchovu. Ningesema nini tena? Lakini toka siku ile aliacha kuja nyumbani moja kwa moja baada ya kazi. Jirani alimwona akiingia kanisani peke yake saa za alasiri. Siku moja nilimfuata. Alisimama mbele, mgongo kwangu, akaimba kipande cha juu, kisha akanyamaza ghafla na kuinamisha kichwa upande wa kushoto. Akangoja. Akaimba tena, akanyamaza tena. Kanisani hakukuwa na kitu ila ndege waliokuwa kwenye dari. Nilirudi nyuma bila kumwita.

Alianza kukonda. Chakula alikitazama tu. Nilipomwuliza ana nini, alinijibu bila hasira: "Eko ananingojea nipumue."

Mwezi uliofuata korali iliimba katika kanisa kuu la mjini. Nilivuka kutoka cité pamoja na wanawake wengine, mtoto mgongoni, tukasimama nyuma. Jua la alasiri lilipita katika vioo na kuangukia migongo ya mabibi wa Kizungu na kofia zao. Mtoto alikuwa na meno yanayoota, alilia toka njiani, na askari wa mlangoni alikuwa ameanza kunitazama vibaya. Wakaanza. Sauti ya bwana yangu ikapanda hadi nikaogopa kwa ajili yake. Wale wawili wa chini nilikuwa nawaona vizuri kati ya vichwa vya watu. Wakafunga vinywa ili kuvuta pumzi.

Na sauti ikabaki.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa chini ya sakafu, chini ya miguu, ile ile ya karibu na mbabula. Mtoto akanyamaza katikati ya kilio. Nikasikia shavu lake likilala kwenye mgongo wangu, akahema mara moja, akalala usingizi. Nikashika ukuta. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alinishika mkono akafikiri ni njaa.

Tulipotoka, bwana yangu alinikuta kwenye ngazi. Alinitazama usoni, akajua.

"Umesikia."

"Nimesikia."

Akatabasamu, mara ya kwanza toka maziko, na tabasamu lile liliniogopesha kuliko sauti. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba atasafiri, na mizigo yake ikiwa tayari.

Sikulala vizuri siku zile. Nilipokuwa nafua shati lake la korali, ndipo jambo lilinijia, jepesi kabisa, na mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Shemeji alikuwa ameimbiwa tu. Hakuliliwa na mtu. Hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna moto uliowashwa uani, hakuna mwanamke aliyefungua kichwa na kukaa chini kwa ajili yake. Kilio hakikufanyika. Alikuwa hana ndugu mjini, nyumba ikachukuliwa, korali ikapanda treni.

Nilimwambia bwana yangu tufanye kilio kwetu. Akakataa.

"Tulimuimbia misa ya wafu. Nini tena?"

"Mulimuimbia, baba. Hamukumulilia."

"Padri atasema tumerudia upagani."

"Padri aniulize miye. Kulia haiko upagani."

Alitoka akafunga mlango. Nikaenda kwa jirani yangu, mama mmoja wa Kasai aliyeuza vitenge, mkali wa mdomo. Nilimweleza kila kitu. Hakushangaa. Alikasirika.

"Muntu anakula kwako kila siku ya Mungu, anakufa, na weye unangoja nini? Leta mikeka."

Tulifanya siku ya Mungu, baada ya misa, ili watu warudi kwao kabla ya saa ya kufungwa kwa cité. Wanawake wa mtaa walikuja na makaa, unga, samaki wadogo wa ndagala. Wafanyakazi wa atelieri walikuja. Habari ilifika kwa watu wa kaskazini, na akaja mama mmoja aliyetoka upande wa kwao. Aliingia uani akimwita marehemu kwa jina la ukoo wake, jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, akimwuliza kwa nini amekuja kufa mahali ambapo hakuna wa kumwita hivyo. Ndipo sote tulipolia. Nililia hadi koo likakauka. Halafu, kama ilivyo desturi, masengo wa kwao, wale watani wa ukoo, wakaanza kumtukana: kwamba alikula bukari ya watu wanne, kwamba tumbako yake aliificha kwenye soksi. Tukacheka na machozi bado usoni.

Bwana yangu alikuwa amesimama kwenye ua, mikono mfukoni. Waliposema habari ya soksi niliona mabega yake yakitetemeka. Alivua koti, akaliweka chini, akaja kukaa kwenye mkeka kati ya wanaume, na akalia kwa sauti mbaya, nzito, iliyopasuka. Sikujua kwamba alikuwa nayo. Hakuna aliyemnyamazisha. Jua likizama watu wakazima moto, wakaaga.

Siku ya Mungu iliyofuata waliimba parokiani kwetu. Walipofika pahali pale, wale wawili wakafunga vinywa wavute pumzi, na kukawa kimya. Kimya tu. Nilisikia mtu akikohoa, nikasikia baiskeli ikipita barabarani. Sauti ya bwana yangu ilibaki juu, peke yake, haina kitu chini. Ikatetemeka, ikakatika. Watu waligeuza vichwa. Padri akapiga hewa kwa mkono, wengine wakaendelea mpaka mwisho.

Tulipofika mlangoni akanigeukia.

"Umemufukuza," alisema.

"Nimemusindikiza."

Alikaa siku nyingi bila kuniongelesha ila mambo ya chumvi na maji. Sikumlaumu. Lakini alikuwa anakula. Nilihesabu hilo kuwa jibu la Mungu kwangu, na hata leo, kama ningerudishwa pale, ningetandika mikeka ileile.

Kisha akaenda kwa Padri na kumwomba ahamishwe: anataka kusimama kwenye sauti ya chini. Padri alikataa, akamwambia sauti kama yake haipatikani mara mbili, kwamba kuiweka chini ni kuizika. Bwana yangu alisema basi ataacha korali. Walivutana kwa muda mrefu. Mwishoni kipande cha juu kilipewa mwalimu mmoja wa shule ya parokia, mtu mzuri, mwenye sauti nzuri, na mume wangu akahama upande wa pili. Mwanzo ilimwia vigumu, shingo ilimvimba kwa kutafuta chini. Baadaye akapata. Aliimba hivyo miaka mingi, katika makanisa yote yale ya zamani, na Wazungu waliokuja kumsikiliza yule wa sauti ya juu walidhani ameondoka nchini.

Aliyepoteza ni miye. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mtulivu, mwenye afya, baba mwema, na ile sauti niliyoolewa nayo haikusikika tena ndani yake. Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, watoto wako kwa jirani, nilikuwa nakoroga sufuria. Nikamwomba aniimbie kipande cha juu, kidogo tu, hakuna mtu anayesikia.

Alicheka, akasema imekwisha kushika kutu. Lakini aliweka gazeti chini, akasimama, akaanza. Haikuwa na kutu hata kidogo. Ilipanda ileile, nikaacha kukoroga. Akafika pahali pa kuvuta pumzi, akanyamaza, akageuka kutazama mlango. Na miye nikageuka.

Tukangoja, wote wawili, mvua ikipiga mabati, mpaka harufu ikatuamsha. Bukari ilikuwa inaungua.