Zulia Lililogeuka

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kuishi kwenye karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Chuoni nilisema tulikaa karibu na kivuko, na wenzangu wakafikiria nyumba.

Leo fundi anabandika zulia ofisini kwangu, na harufu ya gundi imenirudisha Kigongo, penye kile kivuko. Karavani ile kuukuu aliiacha mzungu mmoja, baba akainunua, na mama akarudi kwao Bukoba. Alisema hawezi kulala ndani ya gari lisilo na injini, tena lenye sakafu inayonuka panya.

"Nikimaliza zulia nampigia arudi," baba aliniambia.

Aling'oa zulia bovu ili liwe kipimo. Akalaza jipya kifudifudi, akatandaza la zamani juu yake likiwa chali, akakata kwa kulifuata. Tulipoliingiza ndani, pengo la kabati lilikuja upande wa mlango.

"Baba, limegeuka."

"Halijageuka. Gari ndilo limegeuka."

Akalipindua ili pengo lirudi penye kabati, akaligandisha hivyo, manyoya chini, mpira juu. Asubuhi nyayo zangu zilinata, zikabanduka kwa mlio kama wa busu.

Siku iliyofuata alitoka mjini akasema amempigia mama, na mama amekataa kuja. Nikamchukia mama kwa bidii niliyokuwa nayo darasani, na kote huko nilifaulu.

Mchana huu nimempigia. "Shikamoo, mama. Hivi, tungelibandika vizuri lile zulia, ungerudi?"

"Marahaba. Zulia gani, mwanangu? Mimi nilikuwa nangoja baba yako anipigie."