Finjani ya Samaki

Binti yangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo ili apungue mwili, akarudi nyumbani Garissa na mfuko wa vidonge vya kalsiamu. Analalamika kwamba vinamkwama kooni, vina ladha ya chaki, tena ni vya kila siku mpaka kufa. Nilimcheka, maana ulimi wangu haujui kunyamaza, kisha machozi yakanitoka. Mama yangu naye aliishi na tumbo dogo kama hilo, na zamani hizo vidonge hatukuwa navyo.

Yeye hakukatwa kwa sababu ya unene. Alikuwa na vidonda vya tumbo vilivyovuja damu, na hospitalini wakalikata tumbo, wakamwachia kipande tu. Daktari akamweleza baba: atakula kidogo kidogo kama kifaranga, ila maziwa yasimkose, la sivyo mifupa yake italegea. Baba alicheka. Kumfundisha mtu wa ngamia habari za maziwa! Kwetu mwanamke hakami ngamia, basi baba akawa anakama mwenyewe alfajiri, na mimi, msichana wa miaka tisa, nikawa nampelekea mama finjani ya kahawa iliyojaa maziwa, halafu nyingine, halafu nyingine, hadi jioni.

Kisha vita vya serikali na waasi vikatufikia. Tulihamishiwa ndani ya ua wa miiba karibu na Balambala, tukawekewa askari mlangoni, na ngamia wetu wakachukuliwa wote. Mbuzi wachache tuliobaki nao walikuwa wamekauka viwele. Mwaka uliofuata mama akawa hawezi kusimama bila kushika nguzo. Asubuhi moja alikohoa tu, ubavu ukavunjika. Niliusikia. Tangu siku hiyo nikaogopa hata kumkumbatia.

Dresa aliyetibu wagonjwa pale kambini, mzee mpole kutoka bara, alimwambia baba, "Tafuta samaki wadogo wa mtoni. Awale pamoja na mifupa."

Samaki! Kwa sisi wafugaji, kumwambia mtu mdomo wake unanuka samaki ilikuwa kuanzisha vita vingine. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wasema Waswahili. Sisi wakunga hao tulikuwa tumewatukana tangu enzi za mababu.

Mama alikataa katakata. "Heri nivunjike vipande vipande," alisema, "kuliko wanangu waitwe wana wa mla samaki."

Baba hakubishana naye. Siku ya tatu, tulipofunguliwa kwenda kuchota maji Tana, aliandamana nami hadi kwa mwanamke wa kando ya mto aliyekuwa akianika samaki. Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni.

"Salaam aleikum, mama. Hii samaki dogo iko na mifuba?"

"Mifupa tele, baba. Lakini nyinyi si hamli samaki?"

"Leo nakula. Nionyeshe kubika."

Angeweza kula amejifungia ndani, na nani angejua? Tuliporudi kambini aliwasha moto nje, saa sita mchana, mbele ya wazee wenzake waliozoea kuzungumza naye habari za ngamia. Alichoma, harufu ikaenea kambi nzima. Akatafuna kichwa, mkia, mifupa, kila kitu. Wawili waliinuka wakaondoka. Mmoja akamuuliza kama amerogwa.

"Mla samaki ndiye mimi," baba alisema kwa sauti. "Mwenye tusi alilete kwangu. Kwa mke wangu lisifike."

Kisha akatwanga samaki waliobaki kwenye kinu, akaukoroga unga wao na maji moto ndani ya finjani ile ile ya maziwa, akanipa nimpelekee mama. Mama, ambaye alikuwa amesikia yote, aliitazama kwa muda mrefu. Akainywa.

Nilipotoka nilimkuta baba nyuma ya nyumba, ameinama, anatapika. Alijifuta mdomo kwa shuka lake.

"Usimwambie mama yako, aabo," aliniambia. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye. Baba husema aabo, mama husema hooyo. Nikaapa. Alikula kila siku mbele za watu na kutapika kila siku nyuma ya nyumba, mpaka tulipotoka kwenye ua ule. Nilimpenda mno baba yangu.

Mama alitembea kwa miguu yake hadi uzeeni. Baba alipofariki, nilimfichulia mama siri ile, nikidhani namletea jambo jipya. Akatabasamu.

"Hooyo, nyumba yetu ilikuwa ya mikeka," alisema. "Nilimsikia kila siku. Yeye na tumbo lake zima samaki walimshinda. Nikajiapia kwamba hili langu la kipande halitarudisha hata tone."