Kinyozi Aliyekwama Darini

Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano alikuwa na wanafunzi thelathini na wanane, na karibu wote walizungumza lugha nyingine nyumbani. Kanuni za sarufi walizikariri vizuri tu, kisha wakaandika "hakulianguka" bila wasiwasi wowote.

Jumatatu moja, akiwa amechoka kusahihisha, aliweka chaki chini akawasimulia yaliyompata mumewe, kinyozi wa mtaani. Alipanda darini kutafuta bomba lililokuwa likivuja, akakanyaga ubao uliooza, akatumbukia hadi kiunoni. Miguu ikaning'inia sebuleni. Mama yake mzazi, aliyekuwa akinywa chai pale chini, akaitazama kwa makini, kisha akamwambia kwamba suruali yake imefumuka pindo.

Darasa lilivunjika mbavu. Hata wale wasiofungua kinywa waliuliza maswali, na kila mmoja akasimulia kipande chake, "akapanda, akakanyaga, akatumbukia," bila kukosea.

Tatizo ni kwamba hadithi ilitoka nao getini. Kufikia Jumatano, wateja walikuwa wakimwuliza kinyozi kuhusu miguu yake. Katika habari zilizomfikia, alikaa darini siku mbili akilia na kulishwa kwa kijiko. Aliacha kichwa cha mtu kimenyolewa upande mmoja, akaenda shuleni na aproni yake kiunoni.

Mwalimu alipomwona mlangoni alisimamisha somo. Hakuwa amemwomba ruhusa, na alilijua hilo. Lakini mumewe alimsalimia kwa adabu, akaomba dakika mbili.

"Wanangu," akasema, "sikukaa siku mbili. Sikulia. Sikulishwa kwa kijiko."

Mwalimu akaokota chaki, akaandika kila neno ubaoni. Akawataka watoto waseme hayo hayo kumhusu kinyozi. Wakaitikia kwa pamoja: hakukaa, hakulia, hakulishwa. Hakuna aliyekosea. Kinyozi alikuwa ameanza kujisikia fahari, hadi msichana wa dawati la mbele alipouliza, "Na hukuogopa?"

Akakuna kidevu. "Niliogopa," akakiri. "Lakini nilimsikia mama akicheka mpaka akakohoa. Tangu tumzike baba, hakuwahi kucheka vile. Basi nikaendelea kuchezesha miguu."

Mkewe hakuwa akilijua hilo. Aligeukia ubao, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Nyumbani alimwomba radhi. Kinyozi akamjibu kwamba kilichomuudhi hasa ni jinsi alivyoisimulia harakaharaka sehemu ya miguu, ambayo ndiyo tamu. Siku nyingine amwachie mwenyewe. Akaanza kufika darasani kila Jumatano, na kila mara alikuwa na kisa kipya cha kinyozini.

Mwalimu mkuu, alipokagua maandalio ya somo mwisho wa muhula, alikuta kwenye safu ya zana za kufundishia pameandikwa: chaki, ubao, mume. Alitafakari kidogo, akaweka sahihi.