Kidole Kidogo cha Kushoto

Saluni yake ilikuwa nyembamba kama korido, kati ya fundi cherehani na duka la dawa, na kwa miaka kumi na minne ukiuliza pa kutengeneza kucha uliambiwa: nenda kwa Mama Kidole. Jina hilo lilitokana na kazi. Jeli ya kucha ikigusa ngozi kabla haijakaushwa kwenye taa, wenzake huifuta kwa kijiti. Yeye? Thubutu! Alipitisha kidole kidogo cha kushoto mara moja tu, na ukingo ukabaki umenyooka utadhani umekatwa kwa wembe.

"Kijiti hakihisi kitu," alimwambia binti yake siku alipomkalisha kiti cha pili. "Futa kwa kidole, mwanangu."

Binti akaishika kazi haraka, na mama akatamba naye mtaa mzima.

Kisha vidole vikaanza kumwasha. Ngozi ikapasuka, ikatoa maji, na asubuhi nyingine aliamka kope zimevimba hadi haoni mbele. Jamani, ushauri aliopewa! Huyu alisema sabuni, yule akasema ni kijicho cha watu. Alibadilisha sabuni mara nne. Akavaa glavu, lakini jeli ikapenya zile glavu nyembamba na muwasho ukabaki palepale. Maji yalipozidi unga, akaenda kwa daktari wa ngozi.

Jumatatu daktari alimbandika mgongoni plasta zenye visahani vidogo, kila kimoja na tone la kemikali yake, akaandika namba pembeni kwa kalamu ya wino. Safu ya chini kabisa, alisema, ni kemikali za jamii ya akrilati, zile zilizomo kwenye jeli. Plasta zingetolewa Jumatano, na jibu la mwisho lingesomwa Ijumaa. Mpaka siku hiyo, mgongo usiguse maji.

"Safu hiyo ikikaa kimya, nitarudi kazini?"

"Ikikaa kimya, tutatafuta sababu nyingine."

"Na ikivimba?"

Daktari alivuta pumzi. "Basi utatafuta kazi nyingine, mama."

Wiki hiyo waliishi roho mkononi. Wawili tu ndani ya nyumba, baba wa binti alishafariki zamani, na saluni ndiyo iliyowalea. Binti alimpangusa mama shingo na kwapa kwa kitambaa kibichi, akimtania. "Mama, unanuka kama begi la shule."

"Nyamaza wewe, nilikuvumilia nepi."

Jumatano plasta zilitolewa. Palikuwa na wekundu kidogo tu, na daktari akasema ni mapema mno kujua. Alhamisi kutwa mgongo ulimwasha. Ijumaa asubuhi, kabla hawajatoka, mama aliinua blauzi.

"Hebu nitazamie. Ile safu ya chini."

Binti aliinama akatazama, kisha akaishusha blauzi haraka. "Hamna kitu, mama. Pasafi."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Mama alikwenda hospitali akijiimbia njia nzima, maskini. Binti alisema ana wateja, akaelekea saluni.

Daktari alipita na kidole safu kwa safu, akafika chini, akasimama. Akampiga picha kwa simu, akamwonyesha. Kulikuwa na madoa manne yaliyoumuka, mekundu, yenye malengelenge.

"Pole sana, mama. Ni jeli."

"Lakini nimeishika miaka kumi na minne!"

"Ndiyo sababu. Ikiwa mbichi, kila inapogusa ngozi mwili unaiandika. Siku moja unaikataa, na ukishaikataa haurudi nyuma. Hata daktari wa meno umwambie, maana wanatumia dawa za jamii hiyo."

Mama aliutazama mkono wake. "Kuifuta kwa kidole..."

"Hiyo hasa ndiyo njia yake."

Hakusikia mengine. Kumwaga unga kwake kulimuuma, ndiyo, kulimuuma sana, lakini barabarani alikuwa karibu kukimbia, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye kiti cha pili.

Alisimama mlangoni mwa saluni. Binti alikuwa ameinamia mkono wa mteja. Jeli ikagusa ngozi. Kidole kidogo cha kushoto kikapita mara moja, na ukingo ukanyooka.

"Mama yake mtupu!" mteja alisema akicheka.

Mama akaingia, akaukamata ule mkono, akaugeuzia mwangani. Ncha ya kidole ilikuwa imekauka, inabambuka, na kando ya ukucha pana mpasuko mdogo mwekundu.

"Tangu lini?"

Binti aliinamisha kichwa. "Miezi miwili."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia nini? Nilikuwa nasubiri majibu yako, mama. Nikasema yako yakitoka safi, basi na mimi sina kitu." Akauvuta mkono, mama hakuuachia. "Asubuhi nilipoutazama mgongo wako, nilishindwa kusema."

Mama hakumgombeza. Alikaa kwenye kile kiti chake cha zamani, mkono wa mwanawe bado mkononi mwake, akakifuta kile kidole kwa upindo wa blauzi, akakifuta tena, analia kwa sauti kama mtoto. Mteja alibaki ameinyoosha mikono mezani, kucha tatu bado mbichi, hajui aondoke au akae.