Kapu la Isyo na Sayari Isiyo na Jua

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kuandikishwa katika shule ya msingi iliyo karibu na soko la Muthetheni, ileile aliyosomea binti yangu. Karani akiwa anatafuta kitabu cha majina, niliinua macho nikaona mchoro mkubwa ukutani: jua la manjano katikati, sayari zikilizunguka. Na pembeni kabisa, nje ya mizunguko yote, mtu alikuwa amechora mpira mweusi na kuandika chini yake: sayari isiyo na jua. Rafiki yangu, nilicheka kwa sauti mpaka karani akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nilikuwa nimerudi katika mwaka ule wa ukame, karibu na elfu mbili, binti yangu akiwa darasa la sita.

Asubuhi zetu wakati huo zilianza na mama yangu akikoboa mahindi ya muthokoi kinuni, na redio yangu ikikohoa. Betri zikichoka nilizianika juu ya bati, zikashika joto, zikatupa dakika chache tena. Jumamosi moja mchana nilikuwa nimezirudisha tu, zingali moto, msomaji wa habari akasema wataalamu wameona sayari zinazoelea angani bila jua lolote. Akasema huenda nyingine zilisukumwa nje na sayari jirani, zikaenda zao gizani, na kwamba huenda baadhi zimehifadhi joto ndani, chini ya blanketi zito la hewa. Kisha redio ikazimika.

Binti yangu alitua ndoo ya maji mlangoni, nusu ikamwagika.

"Baba, umesikia? Umesikia hiyo?"

"Nimesikia."

"Hazina jua kabisa! Sasa huko kunakaa aje?"

Hata mimi moyo ulikuwa unaruka. Nilikuwa mtu wa kidato cha nne, watu waliniletea barua niwasomee, na sikuwahi kusikia jambo kubwa namna hiyo. Tulitembea uani tukizungumza wote wawili kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake amalize. Mama yangu akasimamisha mchi na kutuuliza ni nani amekufa.

Jibu binti yangu alilipata jikoni. Kikundi cha mwethya, akina mama waliochimbiana matuta shamba kwa shamba kwa zamu, kilikuwa kimefundishwa kupika kwa kapu. Chungu cha isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, kikishachemka sana kinaondolewa motoni, kinazikwa katika kapu lililojaa matambara na majani makavu ya migomba, kinafunikwa kwa mto. Wakirudi mchana na udongo mwekundu hadi magotini, isyo imeiva yenyewe na mvuke unapanda usoni.

"Ndiyo hii!" alipiga kelele siku kikundi kilipokuwa kwetu. "Chungu ni sayari. Matambara ni hewa. Moto iliuacha zamani, lakini ndani bado inachemka!"

Jirani yetu, mwanamke wa maneno mengi, alishika kiuno. "Sasa hiyo sayari si ni bwana yangu? Anazurura tu, hana boma, na ukimuuliza anasema ako na joto lake!"

Walicheka mpaka wakaketi chini. Mama yangu akafuta machozi. "Mtoto huyu atatupeleka mbali," akasema.

Na kweli mwanafunzi mmoja alikuwa apelekwe mbali. Kila shule ingetuma mtoto mmoja Machakos mjini kwenye maonyesho ya sayansi, naye alitaka safari hiyo kuliko chochote. Alipaka chungu masizi kikawa cheusi tii, akakijaza isyo ya moto, akakizika kapuni. Siku ya kuchagua ilikuwa pia siku ya mkutano wa wazazi. Tulijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, naye akasimama mbele akaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akieleza kitu.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Sayari huzunguka jua. Kitabu kinasema hivyo, na mtihani utauliza hivyo. Hii umeitoa wapi?"

"Kwa redio, mwalimu. Baba alisikia pia."

Sauti ikatoka nyuma: "Redio ya huyo mzee hulishwa jua kila siku, leo imelewa!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akanigeukia. Sasa nikuambie lililokuwa kichwani mwangu, kwa sababu sina wa kumlaumu. Siku hiyo wazazi walikuwa wachague mwenyekiti wa kamati, na jina langu lilikuwa limetajwa. Nikasema, "Mwalimu, watoto wana mawazo mengi. Mimi sikusikia kitu kama hicho."

Binti yangu aliniangalia kidogo tu. Kisha akasema haraka, "Pole mwalimu, nilikosea," akabeba kapu lake.

Mwanafunzi mwingine, aliyeonyesha sumaku, ndiye aliyekwenda Machakos. Mimi nilichaguliwa. Jioni kapu lilipofunguliwa nyumbani, isyo ilikuwa bado moto. Alinipakulia kwanza, kama desturi, nami nikaisukuma huku na huku kwenye sahani.

Hakuninunia hata siku moja. Aliendelea kuniletea chai, na ripoti za shule nizitie sahihi. Lakini habari hakuniletea tena. Mama yangu hayupo, kikundi kilivunjika, na siku hizi ni nadra kumwona mtu akizika chungu kapuni. Nimeyazoea hayo yote. Lile la kutokimbiliwa tena na mtoto mwenye habari mdomoni sijalizoea.

Siku hizi anashona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ, Athi River. Nikiwa bado langoni mwa shule nilimpigia simu, saa yao ya chakula. Nilimweleza kuhusu mchoro, maneno yakinitoka mbiombio, na kabla sijaishiwa ujasiri nikamwambia, "Siku ile ya redio nilisikia. Kila neno."

"Najua, baba. Si walikuwa wakuchague? Ndiyo nikasema pole haraka, wasikuulize mara ya pili."

Alikuwa na miaka kumi na miwili.