Siri ya Mama Wakesho Niliyoitoa Usingizini

Haya basi, niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia huko Kaloleni ikiwa imeongezwa chumvi, kwa sababu hata ilivyo tu inatosha kunifanya siku hizi nipite nyuma ya kanisa kama mdaiwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa kwetu Sagalla, vijana wa kanisa wameleta projekta kutoka Voi na kuziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, watuonyeshe sinema ya zama za Wanazi, wakati Wayahudi walipokuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba huko Ulaya ili wauawe, na mama mmoja mkulima akaificha familia nzima chini ya sakafu ya banda lake la ng'ombe. Kabla ya kuanza, mwenyekiti wa vijana aliuliza nani kati yetu angethubutu kufanya hivyo, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu. (Sikuwa nadanganya, jamani. Wakati huohuo nilikuwa nimemfichia jirani yangu Mama Wakesho, mjane, hati ya shamba lake, maana shemeji yake Mwadime alishapekua nyumba yake mara mbili akiitafuta ili auze.) Basi kwa ule ushujaa nikaona benchi halinifai, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mchungaji, kile chenye mto, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kwenye mazishi Marungu.

Kosa ni hicho kiti.

Nilikuwa nimeshiba kimanga cha mihogo na maharagwe, ukumbi una joto, watu wa kwenye sinema wanaongea lugha yao polepole, na theluji inaanguka juu ya shuka iliyotundikwa ukutani, shuka yenyewe inapumua kwa upepo, mpaka sikujua tena theluji inaishia wapi. Niliiona ikishuka juu ya mihogo yangu, nyeupe, bila sauti, wala haikuwa baridi. Ng'ombe wangu walisimama ndani yake wametulia, na mwanajeshi mwenye buti ndefu akawa anapanda njia ya kuja kwangu taratibu kama mgeni wa harusi. Hakunishika shati, hakunielekezea bunduki. Alivua kofia, akauliza kwa upole kabisa nimeficha nini. Na mimi, niwaambie ukweli, nilijisikia vizuri kumjibu.

"Hati ya Mama Wakesho iko kwangu, afande, ndani ya debe la mahindi."

Niliamshwa na kicheko. Ukumbi wote unanitazama, sinema imesimamishwa, na asiyecheka ni Mwadime peke yake, safu ya tatu. Kwa haraka ya kuzima moto nikaumwagia mafuta: nikasimama nikatangaza kwamba haiko tena kwenye debe, niliihamisha wiki jana. Kicheko kikakatika. Mwadime akainuka kuelekea mlangoni, na nyumbani kwangu hakukuwa na mtu, na miguu ya yule shujaa wenu ikakataa kwenda.

Aliyekwenda ni Mama Wakesho. Huyu ni mwanamke ambaye hata akiita kuku huita kwa sauti ya chini. Alisimama katikati ya mlango akamwambia shemeji yake, "Umesikia iko. Marehemu aliniachia mimi, na siuzi. Sasa pita uende ukaitafute, watu wote hawa wanakuona."

Mwadime alitazama benchi moja baada ya jingine, hakuona uso wa kumsaidia, akarudi kukaa. Sinema ikaendelea. Mimi nilikaa macho mpaka mwisho na sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa nalia, na nashukuru kulikuwa na giza.

Kesho yake kabla ya ibada Mama Wakesho alikuja kuchukua hati yake. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Usijali, Baba Mghoi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuogopa."

Ilinichoma kuliko kama angenitukana. Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akinijia na siri ya kufichwa, namwambia mapema aipeleke kwa Mama Wakesho.